Usiuze Mkweche wa Mshua kwa Kilo

Leo wapendanao na visa vyao tuwape likizo fupi, tuzungumze magari. Na wala si yale ya kwenye matangazo. Nazungumzia lile lililopandishwa juu ya matofali uani kwenu, lenye kuku anayeatamia kwenye siti ya nyuma.

Naam, hilo hilo. Usicheke.

Jumamosi yoyote ukisimama Barabara ya Kinondoni kuanzia saa tisa alasiri hukosi msafara wa harusi, na siku hizi mtindo ni bibi harusi kupandishwa gari la kizamani. Utaiona Volkswagen mgongo wa kobe imepakwa rangi ya krimu, imefungwa utepe mweupe, inang'aa utadhani sahani ya pilau. Watu wote simu juu, wanapiga picha. Au itakuja Mercedes ya enzi za mababu, bwana harusi kaegemea mlango, anauza sura. Mimi sina ugomvi na kobe wala Benz. Lakini tuambiane ukweli: mgongo wa kobe zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Gari la namna hiyo halipotei leo wala kesho, lina wapenzi kila kona. Landrover ndiyo usiseme, mwaka 2024 wenyewe walifanya tamasha zima kule Arusha, mji ukafurika.

Wasiwasi wangu ni kwa zile ambazo hakuna anayezipiga picha. Datsun 120Y. Corolla za mwanzo mwanzo. Fiat 124. Renault 4. Ford Cortina. Peugeot 404, au Pijo kama tunavyoiita wenyewe. Hizi ndizo zilizokuwa gari za mwalimu mkuu, nesi, karani wa bandari na mfanyabiashara mdogo wa Magomeni katika miaka ya 70. Ndizo zilizomkimbiza bibi yako Muhimbili usiku wa manane mama yako alipotaka kuzaliwa. Leo zinaitwa mikweche, na wanaozifuatilia kwa bidii ni watu wa aina moja tu: wale wa mizani.

Unawajua. Wanapita na mkokoteni asubuhi, "vyuma chakavuuu!" Wakiona gari wanaita wenzao wenye Canter na mtungi wa gesi wa kukatia. Saa mbili nyingi, Datsun ya marehemu babu imekuwa vipande, imepimwa, imelipiwa laki kadhaa, imekwenda kiwandani kuyeyushwa kuwa nondo. Huenda nondo hizo ndizo zinazoshikilia ghorofa unalofanyia kazi. Sawa, maendeleo. Lakini 120Y hairudi.

Hiyo 120Y yenyewe Wajapani waliitengeneza kati ya 1973 na 1978 hivi, injini ya cc 1171, ndogo kama ya kuchezea lakini haichoki. Ugonjwa wake mmoja tu, kutu, na kwa upepo wa bahari wa mji huu kutu haina huruma. Fiat 124 nayo ukiiona usidhani Lada imebadilishwa nembo. Kinyume chake, Lada ya kwanza ya Warusi ya mwaka 1970 ilizaliwa kutokana na hiyo Fiat. Na Renault 4, ambayo jirani zetu Wakenya waliibatiza jina la Roho, gia yake inatoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwamvuli. Ukimpandisha kijana aliyezoea IST ya otomatiki ataitafuta gia mpaka jioni.

Sasa nikuhamishie Temeke. Tangu mwaka jana nina tabia ya kuchungulia nyua za watu, kwa heshima lakini, nabisha hodi. Mshikaji wangu mmoja wa Tandika akanidokeza: "Pale Mtoni kuna Pijo ya mapezi, nenda kabla haijakatwa." Nikaenda. Nyumba ya kizamani ya Kiswahili, mwembe mkubwa, na chini yake Peugeot 404 stesheni wagon, rangi ilikuwa ya bluu siku nyingi zilizopita. Mzee mwenye nyumba yuko barazani na redio yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetumwa na wale wa skrepa?"

"Hapana mzee, mimi mtu wa gazeti."

"Gazeti? Haya, karibu keti. Ila ujue kabisa, hii haiuzwi."

Sauti ikatoka ndani: "Inauzwa!"

Hapo nikajua nimeingia katikati ya kesi. Aliyejibu ni mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Vijana wa mzee wako watatu, na wote wanataka kitu kimoja: kuondoa gari, kukata mwembe, kujenga fremu tatu za duka zinazotazama barabara. Na mimi siwezi kuwalaumu. Fremu moja kodi yake kila mwezi inasomesha mtoto. Gari lile tangu lisimame mwaka 2001 halijasomesha mtu, ila kuku limewalea kweli kweli.

Mzee yeye hoja yake ilikuwa moja. "Unaijua hii ni gari ya nani? Hii ni gari ya Bert Shankland!"

Vijana wakacheka, mimi nikatega sikio, maana hapo mzee alikuwa haongopi. Shankland alikuwa Mskoti aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1966 yeye na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda Safari, yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, wakiwa kwenye Peugeot 404. Mwaka 1967 wakarudia. Kabla yao, 1963, ilishinda 404 ya akina Nick Nowicki na Paddy Cliff, na 1968 hao hao wakashinda tena. Mara nne gari la aina moja, kwenye barabara za vumbi, matope na ng'ombe, ambako wengine walikuwa wanaacha ekseli porini. Enzi hizo Safari ilikuwa yetu sote, inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1972 ilianzia hapa hapa Dar, na Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort yake akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda. Kuanzia 1974 ikabaki Kenya peke yake, na huku kwetu tukabaki na hadithi.

Kwa haki kabisa niseme, zilizoshinda zilikuwa saluni, si stesheni wagon kama ya mzee. Lakini injini ni ile ile ya cc 1618, iliyolazwa upande kama mtu aliyejinyoosha kitandani. Ramani ya bodi waliichora Waitaliano wa Pininfarina, ndiyo maana saluni zake zina yale mapezi nyuma kama ya samaki. Gia iko kwenye usukani. Betri ikifa unachomeka hendeli mbele, unazungusha, unaendelea na safari. Wafaransa walianza kuiuza 1960 na kwao wakaacha 1975. Mdogo wake ni 504, ile iliyokuwa gari bora la mwaka kwa Ulaya 1969, na injini yake ya kwanza ilikuwa ni hii hii ya 404 iliyopanuliwa kufika cc 1796. Shika hapo, itakufaa mbele.

Tukiwa katikati ya mabishano akatoka bibi, mke wa mzee, anashikwa mkono na mjukuu kwa sababu macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikaamkia. Akakaa mkekani, akasikiliza mume na mtoto wanavyovutana, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Kwani kadi ya gari imeandikwa jina la nani?"

Kimya. Hata redio nahisi ilinyamaza.

Akamtuma mjukuu chumbani, likaletwa bahasha la kaki limechakaa, ndani yake kadi ya gari. Jina la bibi. Ndugu msomaji, bibi yule alikuwa mkunga. Alilinunua gari lile mwaka 1973 kwa mkopo wa kazini, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama nchi. Mume wake wakati huo alikuwa na baiskeli. Mwanamke wa Mtoni, mwaka 1973, anaendesha Pijo stesheni wagon mwenyewe, gia ya usukani, usiku, kwenda kuzalisha watu Yombo, Keko na Mbagala ambako barabara ilikuwa mchanga mtupu. Na mimi nilikuwa nimekuja kuandika habari za mapezi.

Akanisimulia mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 80 nchi ilikuwa imebanwa. Mafuta yalipanda duniani 1973, yakapanda tena 1979, vita ya Kagera ikala kilichobaki, fedha za kigeni hakuna. Ikafika mahali magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana ili kuokoa petroli. Nikamuuliza, sasa bibi ulifanyaje?

"Mtoto hajui Jumapili, mjukuu wangu. Askari walikuwa wananijua. Wakiiona ile bluu wanafungua kamba."

Pale mtaani kuna baba mzima, ana wake wawili na bodaboda tatu, mpaka leo anaitwa Pijo. Alizaliwa kwenye siti ya nyuma, karibu na reli, wakati treni inapita. Nimemwona kwa macho yangu, na jina analipenda.

Hapo utaelewa kwa nini magari haya yalibaki mengi hapa kwetu muda mrefu kuliko kwa wenzetu. Si kwamba tuliyapenda sana. Hapakuwa na jingine! Kuingiza gari kulikuwa mikononi mwa serikali na shirika lake, mpaka 1984 watu waliporuhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kwa miaka kama kumi fundi wa Gerezani hakuwa na spea, alikuwa na akili. Bushi anachonga, rejeta analehemu, taa ya Bedford inaingia kwenye Cortina. Halafu mitumba ya Japani ikafurika miaka ya 90, na kila aliyekuwa ameteseka na mkweche akausukuma uani, akashukuru Mungu. Tangu hapo yanaoza.

Na hili ndilo nataka ulielewe wewe unayesema "si nitaagiza nyingine." Hutaagiza kirahisi. Gari kuukuu likifika bandarini linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote. Kenya ndiyo kabisa, gari la kawaida lililozidi miaka 8 haliingii. Kwa hiyo Datsun na Pijo za miaka ya 70 zilizopo Temeke na Kinondoni ni zile zile zilizokwishaingia. Kila inayokatwa, inapungua moja.

Wenzetu wa Nairobi hilo walilishtukia zamani. Wana maonyesho yao ya magari ya kale tangu 1970, watu wanakuja na suti, majaji wanachungulia mpaka chini ya boneti. Na tangu 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yanayorudia njia za kale, na miaka mingine yanavuka mpaka kuja huku kwetu. Sisi hapa Dar ukitaka kuona gari la historia limetunzwa, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukaone Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza kisha Mwalimu, na ile Austin ya harakati za uhuru. Vizuri sana. Ila gari la mkunga hutalikuta pale.

Turudi Mtoni. Bibi alitoa hukumu fupi: "Jengeni fremu zenu. Mwembe kateni. Ila gari litoke hapa likiwa zima." Mtoto wa kwanza akaguna, akakubali. Mtoto wa pili, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema anamfahamu fundi Keko.

Wiki iliyofuata likavutwa na Canter mpaka Keko, kwenye gereji bubu chini ya mti, kwa fundi mmoja mzee ambaye vijana wake wanatengeneza Noah na yeye anakaa pembeni anasubiri gari zenye kabureta kama mtu anayesubiri ndugu kutoka safari. Alipoliona lile 404 alivua kofia. Kisha akalizunguka na bisibisi, anachoma choma bodi. Sakafu ya mbele imetoboka, mguu unagusa ardhi. Milango chini imeliwa. Waya zote panya wameshamaliza. Lakini fremu za pembeni, nzima. Akafungua plagi, akamimina oili kwenye kila silinda, akasema tuondoke, turudi baada ya siku tatu. Tuliporudi akachomeka hendeli, akaegemea kwa uzito wake wote. Kwanza haikutingishika. Mara ya pili ikalia "kwiii". Mara ya tatu injini ikazunguka. Vijana wa Noah wakaacha kazi zao wakapiga makofi.

Haijawaka, tusidanganyane. Kuzunguka ni kitu kimoja na kuwaka ni kitu kingine. Lakini spea si ndoto. Kwa kuwa 504 ni mtoto wake, vitu kadhaa vya injini vinaingiliana, na 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuachana nazo. Kuhusu petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iliyopo tangu mwanzoni mwa 2006, fundi anasema wenye kuogopa ni wale wa injini za Kiingereza zenye silinda hedi ya chuma; valvu zinaweza kula makalio yake. Ya 404 ni aluminiamu na ilitoka kiwandani na pete ngumu, haina shida.

Kuna watu watakuja kuniambia gari likiwekwa injini ya Toyota limekufa, halina tena thamani. Hao wana hela zao, waacheni. Bora Pijo yenye moyo wa Corolla inayotembea kuliko Pijo halisi iliyogeuzwa nondo.

Na wewe mwenye mkweche uani, kabla hujamwita mtu wa mizani, fanya kama bibi: tafuta kadi kwanza. Nyumba nyingi watoto wanauza kitu ambacho si chao, ni cha shangazi au cha mama. Usiogope habari za madeni ya "road licence" kukua mwaka hadi mwaka, ada ile ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, shilingi 40 kwa lita. Na kama lazima gari litoke, basi usikubali kukatiwa uani. Ng'oa taa, nembo, bampa, vioo, saa ya dashibodi, uweke ndani. Kuna mwenzako Sinza au Yombo anatafuta kitu hicho hicho usingizini.

Kama sisi tunavyotafuta sasa hivi. Fremu Mtoni zimeshaanza kupanda, msingi umekwisha, na bibi kila Ijumaa anauliza gari lake limefika wapi. Limefika mahali pamoja tu pagumu: mlango wa nyuma. Zamani mjukuu mmoja aliung'oa akaufanya mlango wa banda la kuku, banda likauzwa kwa mtu wa Mbagala, na mtu wa Mbagala alishahama. Bila mlango ule nyuma ni tundu, na fundi kuuchonga kwa bati hataki, anasema atajidharau. Kwa hiyo msomaji wangu, kama huko kwenu Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta au hata Kibaha kuna banda la kuku lenye mlango wa ajabu, wa chuma, una kioo kikubwa katikati na bawaba juu, hebu pangusa mavi ya kuku kidogo uangalie kama chini yake kuna bluu. Ukiikuta, kuku tutawanunulia mlango mpya.